Rweya Ina Wenyewe

Katika wilaya nyingi nchini mwetu, mafunzo ya Jeshi la Akiba, yaani mgambo, hayana kwao. Kuruta wa mgambo hupiga kwata kwenye uwanja wa shule ya msingi kabla wanafunzi hawajaingia, darasa la usomaji ramani hufanyika chini ya mwembe, na mvua ikinyesha watu wote hujibanza kwenye baraza la ofisi ya kata. Miezi ikitimia Mkuu wa Wilaya huja kufunga mafunzo, hukagua gwaride, hutoa hotuba, kisha turubai hukunjwa na uwanja ukarudi kuwa wa watoto.

Nasema haya mapema ili nieleweke vizuri. Likija ombi la ardhi ya kujenga kituo cha kudumu cha Jeshi la Akiba, mimi ni mmoja wa wanaoliunga mkono. Ninachogombana nacho ni namna ardhi hiyo inavyotafutwa. Mtu husimama kilimani, hutazama mahali pasipo na bati linalong'aa, hunyoosha kidole na kusema: pale hapana mtu.

Mjadala huu nimeuweka wilayani Missenyi, mkoani Kagera, kwa sababu huko kila upande una haki yake nzito. Kata siitaji jina maana nimeitunga, na wanaozungumza nimewatunga pia. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji atawatambua. Mto Kagera, daraja la Kyaka, sheria na tarehe ni vya kweli. Tupo nje ya ofisi ya kijiji. Madawati yameazimwa shuleni, Mwenyekiti amekwisha kusoma ajenda, na aliyesimama ni Mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya, ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ambaye sare yake imenyooka kwa pasi.

Mshauri: Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Sikuja kumhamisha mtu. Nimezunguka kata hii siku tatu kwa miguu. Kila nilikopita nimekuta kibanja: migomba, mibuni, kaburi la babu nyuma ya nyumba. Huko siwezi kugusa na wala sitaki. Lakini upande ule wa rweya ni nyasi mpaka macho yanachoka. Hakuna nyumba, hakuna mgomba, hakuna kaburi. Tunaomba pale hekta 300. Tutajenga bweni, ghala la vifaa, ukumbi, uwanja wa gwaride na shabaha. Vijana wenu watafunzwa hapa hapa nyumbani.

Mwenyekiti: Ahsante, Afande. Mikono nimeiona. Tuanze na mama yule wa kitenge cha bluu.

Mama Mkulima: Marahaba, Afande mwanangu. Nimekusikia ukisema nyasi tupu. Naomba kesho asubuhi uje kwangu, nikupeleke nyuma ya nyumba, uinue majani yaliyotandazwa chini ya migomba yangu. Utaona ardhi nyeusi, yenye unyevu hata wakati wa jua. Yale majani hayakuota kibanjani. Nimeyakata rweyani, nikayafunga mzigo, nikayabeba kichwani. Mama mkwe wangu alifanya hivyo kabla yangu, na mkwe wake kabla yake. Ng'ombe wanashinda rweyani na kulala nyumbani, na samadi yao inaishia kwenye shina la mgomba. Njugu mawe tunalima wapi? Rweyani. Senene wakianguka Novemba, watoto wanakimbilia wapi na taa? Ukichukua rweya, kibanja changu hujakigusa, ila umekiua kwa njaa.

Hapa lazima nimsaidie msomaji ambaye hajawahi kufika Kagera. Wahaya wamegawa nchi yao sehemu mbili tangu zamani. Kibanja ni shamba la kudumu linalozunguka nyumba, lenye migomba na kahawa, na hurithiwa. Rweya ni uwanda wa nyasi ulio kati ya kijiji na kijiji, wenye udongo hafifu. Mgeni akiitazama rweya huiona kama akiba ambayo haijatumika, lakini udongo mweusi wa kibanja umejengwa kwa vizazi kwa rutuba iliyotolewa rweyani, kwa kichwa cha mwanamke na tumbo la ng'ombe. Hakuna ua wala jiwe la mpaka linaloonyesha uhusiano huo, na picha ya setilaiti haiuonyeshi. Anayeujua ni yule anayebeba mzigo.

Mshauri: Mama, nimekuelewa, na nakiri hilo la samadi sikulijua. Mimi ni mtu wa Dodoma. Lakini nami nisikilizwe. Toka hapa hadi Mutukula, mpakani na Uganda, ni mwendo mfupi wa gari. Kila mtu hapa anajua kilichotokea mwaka 1978. Jeshi la Akiba halikuanzishwa kwa ajili ya sherehe.

Mzee: Mwenyekiti, hapo naomba neno, maana ninayetajiwa 1978 ni mimi. Nilikuwa na miaka 21. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia mwishoni mwa Oktoba, na mwanzoni mwa Novemba wakalipua daraja la Kyaka. Walioweza kuvuka Mto Kagera walivuka na watoto mgongoni, ng'ombe wakabaki, na wale ng'ombe hatukuwaona tena. Mimi nilikuwa mgambo. Nilikuwa nimefunzwa kwa fimbo iliyochongwa mfano wa bunduki, hapo penye shule. Wanajeshi walipofika kutoka mikoa mingine walikuwa na ramani, lakini mahali penye kinamasi kinachommeza mtu, na njia ya ng'ombe inayokwepa kinamasi hicho, walituuliza sisi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mgambo ni mchezo. Wenzangu wengine wamelala kwenye makaburi ya mashujaa, Kaboya.

Kijana: Shikamoo, Tata.

Mzee: Marahaba, mwanangu. Sijamaliza. Nataka kituo hiki. Nimekitaka kwa miaka arobaini. Ila nauliza, hivi tulipokwenda kupigana tulikuwa tunaitetea nini? Siyo hii rweya?

Msomaji mwenye kumbukumbu atakumbuka kwamba wazo la kumfunza mwananchi wa kawaida silaha lilipata nguvu kwenye Mwongozo wa TANU wa Februari 1971. Wareno walikuwa wameivamia Guinea Novemba 1970, na Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote nchini Uganda. Chama kikaona kwamba jeshi la kambini peke yake halitoshi; ulinzi uwekwe mikononi mwa watu wenyewe, kijijini na kiwandani. Msingi wa kisheria ulikuwapo tayari katika Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1966. Miaka 7 baada ya Mwongozo, maelfu ya wanamgambo walivaa gwanda na kwenda vitani pamoja na JWTZ. Ndiyo maana nasema Jeshi la Akiba si kama jeshi la kudumu. Askari wa kambini huletwa kutoka mbali, hulishwa na serikali, hulala bwenini. Mgambo hula kwake. Kesho yake ni mkulima tena, fundi baiskeli, muuza samaki wa gulioni. Ukimnyang'anya jirani yake ardhi ili umjengee yeye kituo, umekwisha kuharibu kile ulichokuja kukijenga.

Kijana: Mimi nilimaliza mafunzo ya mgambo miaka miwili iliyopita. Naomba niseme ukweli ambao Afande anaujua. Tulifunzwa kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwata, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, usomaji ramani, sheria za mgambo, utimamu wa mwili. Muda wote huo tulihitaji uwanja, kivuli, choo na maji. Dada wawili waliacha mafunzo kwa sababu ya choo, hilo halisemwi kwenye hotuba za kufunga. Shabaha ya risasi hai tulifanya mwishoni kabisa, siku zisizozidi vidole vya mkono mmoja. Sasa najiuliza: siku zile chache ndizo zinazotaka hekta 300?

Mshauri: Ndizo. Nitawaeleza kwa nini, ili msidhani nimejikatia tu. Bunduki ya SMG ikipigwa, risasi ikaruka juu ya tuta, inaweza kwenda zaidi ya kilomita 2 kabla haijaanguka. Mbele ya mpigaji nahitaji urefu huo wote bila mtu, na upana wa kutosha kwa risasi inayogonga jiwe na kugeuka. Weka kilomita 2 na nusu kwa kilomita 1. Hizo ni hekta 250. Ongeza kituo, barabara, na nafasi ya kupumua. Nikiomba pungufu ya hapo, siku moja nitakuja hapa kutoa rambirambi.

Nampenda Mshauri huyu kwa kusema hivyo. Angeweza kusema ni siri ya jeshi, mjadala ukafungwa. Amepiga hesabu mbele ya watu, na hesabu yake inaeleweka. Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya Bwana Ardhi, aliyekuwa amekaa kimya muda wote na faili mapajani, ainue mkono.

Bwana Ardhi: Mwenyekiti, naomba nisome kidogo sheria, kwa lugha ya kawaida. Rweya hii ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Jeshi likiihitaji, Rais anaweza kuihamisha kwa manufaa ya umma, tangazo likatoka kwenye Gazeti la Serikali na nakala ikaletwa kijijini. Sasa hapa ndipo penye tofauti. Eneo likiwa halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji, yaani ninyi mliokaa hapa, ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hekta 250, uamuzi unakwenda kwa Waziri.

Mama Mkulima: Rudia hapo, baba.

Bwana Ardhi: Likizidi 250, maoni yenu yatapokelewa, lakini neno la mwisho si lenu.

Mama Mkulima: Na Afande ameomba 300.

Wanakijiji wanamgeukia Mshauri. Naomba msomaji aamini kwamba mshangao wa ofisa huyu ni wa kweli, kwa sababu hapa ndipo kiini cha jambo kilipo.

Mshauri: Mama, nilipima kwa risasi. Sikupima kwa sheria. Hilo la 250 nalisikia leo.

Mwenyekiti: Tunakuamini, Afande. Lakini ungekwenda nalo hivyo hivyo, sisi tungelisikia kwenye Gazeti la Serikali, na hilo gazeti hapa halifiki.

Nimekutana na hali hii mara nyingi kwenye habari za ardhi. Hakuna aliyekusudia kuwaruka wananchi. Mhandisi anachora anachokiona ni salama, mchoro unavuka mstari ambao hakujua upo, na wenye ardhi wanageuka kutoka waamuzi na kuwa watoa maoni. Ubaya unafanyika bila mbaya. Ndiyo sababu swali la ukubwa wa eneo lisiachwe kwa mtaalamu wa silaha peke yake, wala kwa mwanasheria peke yake. Waketi meza moja kabla ya kuchora.

Mwalimu Mkuu: Mimi nitazungumzia watoto. Novemba 2017, hapa hapa mkoani kwetu, wilayani Ngara, Shule ya Msingi Kihinga, bomu la kutupa kwa mkono lililipuka miongoni mwa wanafunzi. Watoto 5 walifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Sisemi lilitoka kwenye shabaha ya jeshi. Nasema mtoto akiokota chuma haulizi kimetoka wapi. Anawaza kukipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu apate hela ya daftari. Rweya haina ukuta. Mtoto anayefuata senene usiku na taa hatasoma kibao cha onyo. Afande, maganda ya risasi, na zile ambazo hazikulipuka, nani ataokota?

Mshauri: Sisi. Kila baada ya zoezi eneo linakaguliwa.

Mwalimu Mkuu: Kila baada ya zoezi, kwa miaka 30?

Si swali la kumkomoa mtu. Jirani zetu wa Kenya wanalijua vizuri. Wafugaji wa Kimasai na Kisamburu wa Dol Dol na Archer's Post waliishi miongo mingi kando ya maeneo ambayo jeshi la Uingereza lilifanyia mazoezi, wakichunga mifugo mle mle baada ya askari kuondoka. Watu waliuawa na kukatika viungo kwa mabaki ya silaha. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai zaidi ya 200 kiasi cha pauni milioni 4.5. Ardhi ile nayo ilionekana tupu. Ni uwanda mkavu, nyumba ni chache, na mtu huonekana akipita tu na mbuzi zake. Lakini huko kupita na mbuzi ndiyo kazi yake, na ndiko kunakomkutanisha na chuma kilichobaki.

Na sisi Watanzania tuna makovu yetu kuhusu upande mwingine wa suala hili, ule wa ghala. Aprili 29, 2009 mabomu yalilipuka kwenye ghala la kambi ya Mbagala, Dar es Salaam. Februari 16, 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20, na maelfu wakakimbia nyumba zao usiku au mchana wakiwa hawajui watoto wako wapi. Jiji lilikuwa limesogea mpaka kwenye uzio wa kambi, vyumba vya kupanga vikatazamana na maghala. Kwa hiyo mtu akiniambia kituo ni kidogo na kijiji kiko mbali, namwomba akumbuke kwamba kijiji hutembea. Barabara ikichongwa kwenda kituoni, mwaka wa pili kutakuwa na kibanda cha chai, mwaka wa tano kutakuwa na mtaa.

Mfugaji: Mimi maneno yangu ni machache. Siku ya shabaha bendera nyekundu itapandishwa, sawa. Ng'ombe hawajui bendera. Nipeni njia ya kwenda majini, iandikwe kwenye karatasi.

Mwenyekiti: Imeandikwa. Sasa fidia. Bwana Ardhi, tueleze.

Bwana Ardhi: Sheria inasema hakuna ardhi ya kijiji itakayohamishwa mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipa na wakati wa kulipa vikubaliwe kwanza. Kwa mwenye nyumba na mazao, kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, usafiri, makazi, na hasara ya faida. Tena Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka malipo yafanyike ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe. Yakichelewa kuna riba. Miaka 2 ikipita bila malipo, uthamini umekufa, unafanywa upya.

Mama Mkulima: Baba, hizo sheria ni nzuri. Dada yangu alipitiwa na mradi, sitautaja. Walikuja vijana wa kistaarabu. Wakampanga mbele ya mlango wake, wakampa kibao cha mbao chenye namba ya chaki akishike kifuani, wakampiga picha. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani kwa sababu aliambiwa ni picha ya serikali. Wakahesabu migomba, wakahesabu mibuni, wakapiga alama nyekundu ukutani. Wakamwambia asipande tena mmea wa kudumu. Alikaa miaka mitatu bila kupanda na bila kulipwa, ukuta una alama. Paa lilivuja hakuliziba, kwa nini azibe nyumba iliyokwisha kuhesabiwa? Fidia ilikuja, sikatai. Ila ile miaka mitatu nani aliihesabu?

Watu wanakaa kimya. Nami nilipofika hapa niliweka kalamu chini, maana picha hiyo ya mtu aliyeshika namba kifuani mbele ya mlango wake mwenyewe nimeiona kwa macho yangu, si mara moja.

Bwana Ardhi: Mama, sina jibu la hiyo miaka. Lakini kuna gumu zaidi, na ni vema tuliseme. Kibanja nakijua kukithamini. Mgomba una bei, mbuni una bei. Rweya ni ya wote. Mzigo wa nyasi anaobeba mama huyu mara tatu kwa wiki siwezi kuuandika kwenye fomu. Hauna safu yake. Zamani tungesema ardhi isiyoendelezwa haina fidia. Hilo liliisha. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, na inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Na pale ambapo mtu ameweka jasho lake kwenye ardhi, hata kama huoni nyumba wala mti, ana haki ya fidia iliyo ya haki.

Mzee: Jasho la kubeba nyasi nalo limo?

Bwana Ardhi: Mimi nasema limo, Mzee. Kuligeuza kuwa shilingi ndiko kunakonishinda.

Hilo halimshindi yeye peke yake. Mwaka 2019 serikali iliunda kamati ya mawaziri wa wizara 8, ya Ulinzi ikiwamo, kushughulikia migogoro ya matumizi ya ardhi iliyokuja kuhesabiwa katika vijiji na mitaa 975. Nchi haifiki kwenye idadi hiyo kwa sababu ya ubaya wa mtu mmoja. Inafika kwa mipaka iliyochorwa bila kuulizana, mwaka huu hapa na mwaka kesho kule, mpaka inabidi mawaziri wapande ndege.

Kijana: Mwenyekiti, nina pendekezo, wazee wakiniruhusu. Kuna vitu viwili hapa tumevifunga kamba moja. Kuna kituo, na kuna shabaha. Kituo kinatakiwa kiwe karibu na watu. Sisi mgambo tunatoka majumbani. Nikitoka shambani saa kumi nifike kituoni kabla jua halijazama. Kituo kikiwa katikati ya rweya, nani atakwenda? Lakini shabaha inatakiwa iwe mbali na watu. Kwa nini viwe mahali pamoja? Ghala la zamani la chama cha msingi cha ushirika, lile la kahawa, liko tupu. Lina paa, lina sakafu ya saruji, uwanja wa kuanikia kahawa upo mbele yake, barabara ipo. Ekari 6 hazipungui. Likarabatiwe, wachimbe vyoo, vya kiume na vya kike.

Mshauri: Na shabaha?

Kijana: Kambi za jeshi zenye shabaha zipo tayari mkoani. Tupakieni kwenye lori siku tatu, tukapige huko, turudi.

Mshauri: Lori, mafuta, chakula, ulinzi wa silaha njiani. Na siku hizo tatu kambi yenyewe ina ratiba yake. Kijana, wewe umefunzwa mara moja. Akiba ya kweli inarudi kufunzwa upya kila mwaka. Mtu aliyeshika bunduki siku tatu miaka mitano iliyopita, nikimpa leo nitakuwa nimemhatarisha yeye na wenzake. Shabaha ikiwa mbali, mazoezi yatakatwa kila bajeti ikibana. Nimeyaona hayo.

Hoja hii ina uzito. Kwenye karatasi ni rahisi kusema watasafirishwa. Kwenye mwaka wa fedha ulio mgumu, kinachofutwa kwanza ni safari. Mgambo wasiolenga ni watu waliovaa sare tu. Hata hivyo, nikiweka kwenye mizani gharama ya lori kila mwaka na gharama ya hekta 300 za rweya kwa vizazi vyote vijavyo, sioni namna ambayo lori linaweza kuwa zito zaidi. Lori lina mtu wa kulilipia, naye ni taifa zima. Rweya ikiondoka, analipa yule mama wa kitenge cha bluu na binti zake, peke yao, kwa kutembea mbali zaidi kila mwaka kutafuta majani.

Mwenyekiti: Hilo ghala si la kijiji. Ni la wanachama. Tusigawe cha watu kwa sababu kiko tupu, tukawa kama tunaowalaumu.

Mzee: Mwenyekiti amesema kweli, na mimi ni mwanachama. Tuitwe wanachama tuulizwe. Mimi nitasema jeshi lipange, lilipe kodi, paa lizibwe. Wengine watasema yao.

Mama Mkulima: Na mkutano usiwekwe siku ya gulio. Wanawake hatutakuwepo, halafu mtasema mkutano umekubali.

Mshauri: Ndugu zangu, mimi sina mamlaka ya kubadili ombi. Nitalipeleka juu kama nilivyolisikia hapa, la ghala na la shabaha. Wakubwa wanaweza kukataa.

Mzee: Wakikataa, waje wenyewe. Tutawapa chai.

Hapo mkutano wangu unaahirishwa, na mimi sasa niseme langu bila kujificha nyuma ya mtu. Katiba yetu, Ibara ya 28, inampa kila raia wajibu wa kulilinda taifa, na ardhi imetajwa humo pamoja na uhuru na umoja. Ibara ya 24 inalinda mali ya raia huyo huyo. Sioni mgongano kati ya ibara hizi. Naona kwamba anayedai ya 28 kwa mwanakijiji akiwa ameikanyaga ya 24, atapata kuruta wa kulazimishwa, na mtu wa namna hiyo hataonyesha njia ya kukwepa kinamasi siku ya shida.

Uamuzi wangu ni kwamba kijana ana haki. Kituo kijengwe, tena mapema, karibu na watu, kwenye eneo ambalo limekwisha kujengwa au kuharibika, kwa kodi au kwa makubaliano, bila ghala la milipuko. Shabaha ifanyike pale ambapo jeshi lina shabaha tayari, na fedha za usafiri ziwekwe kwenye fungu lisilochezewa. Ikilazimika kabisa shabaha mpya itafutwe, isivuke hekta 250 kwa ujanja wa mchoro wala kwa kutojua, ili watu wa mahali hapo wabaki na neno lao. Na asiingie mtu na tingatinga kabla fidia haijafika mkononi mwa wenyewe, ya rweya ikiwamo, hata ikibidi ilipwe kwa namna nyingine: kisima, nyasi za malisho zilizopandwa, au eneo jingine la kukatia majani lililoandikwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji.

Kwa washauri wa Jeshi la Akiba popote mlipo, nina ombi moja. Mnapokwenda kijijini kuomba ardhi, nendeni na ramani mbili: moja ya kituo, na nyingine inayoonyesha mahali ambapo risasi iliyokosea tuta inaweza kuanguka. Hiyo ya pili ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kijiji wiki kadhaa kabla ya mkutano mkuu, imechorwa kwa majina ambayo wenyeji wanayatumia kwa visima, vijito na njia za ng'ombe, ili mwanamke anayepita na mzigo wa nyasi aweze kusimama, kuutua, na kutafuta njia yake iko wapi.